Mashine Zilizohasiwa

Lori la saruji kutoka Tororo lilikwama kwenye foleni ya Busia, upande wa Uganda, na mgeni aliyekaa kando ya dereva akaamua kushuka papo hapo. Mji hakuwa akiujua. Alikuwa na vumbi la kijivu mpaka kwenye nyusi, begi moja, na kompyuta ya mkononi iliyogoma kuwaka tangu asubuhi. Akauliza fundi anapatikana wapi. Mwanamke aliyekuwa akitoa fotokopi kwenye kibanda cha mabati alimsikiliza hadi mwisho, kisha akageukia ukuta na kupaza sauti.

"Mzee Olupot! Huku kuna mtu anaongea Swahili ya redio. Kompyuta yake imekufa."

"Imekufa kabisa ama imezimia?" sauti ilijibu kutoka upande wa pili wa mabati.

"Mimi ni daktari? Njoo uone."

Jonan Olupot alitokea akifuta miwani kwa pindo la shati. Mtu mrefu, mabega yameinama kwa kazi ya kuchungulia ndani ya vitu vidogo. Aliichukua kompyuta, akaitikisa karibu na sikio, akaketi. Tatizo lilikuwa dogo, tundu la chaja lililoachana na mahali pake. Akalichomea. Mashine ikawaka, na mkono wake wa kulia, kwa mazoea ya miaka, ukaanza kuelekea kule ulikozoea kwenda kila mashine ngeni inapofunguka mbele yake.

Akauzuia katikati ya njia.

"Hapana," alisema. "Hii iende nzima kama ilivyokuja."

Taaka, yule mwanamke wa fotokopi, akacheka. "Leo umeogopa kisu, mzee?"

Mgeni hakuelewa, na Olupot hakuwa na hamu ya kueleza. Ila siku hiyo hakuwa na kazi nyingine ya kufanya zaidi ya kumngoja Okochi, mteja wake mkubwa, na mtu anayengoja jibu hupenda kuongea.

Kule Kwapa, kijijini alikozaliwa Olupot, dume changa la kulimia huhasiwa mapema ili litulie, lifuate mtaro, lisikimbilie majike ya jirani. Kompyuta za mitumba zilipoanza kuingia Busia, zikitoka kwenye maofisi ya ng'ambo, watu waligundua kwamba nazo zina tabia ya madume. Uiache karibu na simu yenye intaneti, ukirudi unakuta imekunywa bando lote kwa kujiletea apdeti ambazo hukuziomba. Mwaka mmoja Taaka alinunua bando la kusajili watahiniwa wa shule moja ya Buhehe. Mashine ikalimeza kabla ya jina la kwanza, kisha ikakaa ikizungusha vidoti na kumwonya asiizime. Alilia mbele ya mwalimu mkuu.

Olupot akaona aibu kwa niaba yake, akajifungia na ile mashine. Kuzima apdeti hakukutosha, maana zilikuwa zikijiwasha tena baada ya muda. Basi akaenda kwenye mzizi, akakata zile sehemu zenyewe zinazozileta, akazifuta. Mashine ikatulia. Haikusumbua tena.

"Umeihasi," Taaka alisema, na jina likashika.

Habari ikavuka mpaka. Wauzaji wa pande zote mbili wakawa wanapitisha mizigo yao kwa Olupot kwanza, na juu ya boksi wanaandika IMEHASIWA kwa maka peni, kama mwenye nyumba anavyoandika kwamba umeme upo. Mwanzoni alijaribu kuwaeleza wateja kwamba apdeti zina kazi yake, kwamba ni viraka vya kuziba matundu ambayo wezi hupenyea. Wakamjibu kwamba mwizi wa bando wanamwona kila siku, huyo mwingine hawajapata kumwona. Akaacha kueleza. Mtu akileta mashine, anakata.

Oktoba ya mwaka uliopita, Kevo alikuja na habari. Kevo alikuwa muuza kompyuta wa upande wa Kenya, kijana wa kofia na maneno mengi.

"Mzee, Windows 10 wameizika jana. Hakuna apdeti tena. Rest in peace."

"Sisi tulizika kitambo," Olupot alimjibu, na kibanda kizima kikacheka, naye akacheka kuliko wote. Dunia nzima ililalamika kwamba imenyimwa kitu ambacho Busia ilikikataa kwa hiari yake. Alilala vizuri siku hiyo.

Shida ilikuja baada ya mwaka mpya, na ilikuja kwa Chrispinus Okochi. Okochi alikuwa wakala wa forodha. Malori hayavuki mpaka kabla ofisi yake haijaingiza hati zao, na hati hazikamiliki bila dhamana ya bima, na dhamana hutolewa kwenye mtandao. Kampuni anakokata dhamana ilitangaza kwamba mashine zisizo na viraka vya karibuni hazitafunguliwa mlango. Kwa watu wengi halikuwa jambo kubwa. Watengenezaji walikuwa wametoa mwaka mmoja wa nyongeza wa apdeti kwa mashine za zamani, na aliyekuwa akifuata apdeti alibonyeza mahali, akahesabiwa, akaendelea. Mashine za Okochi hazikuweza kuhesabiwa. Zilikuwa zimebaki nyuma miaka, pale pale Olupot alipozikatia.

Na ofisi ya Okochi ndiyo iliyokilisha kibanda. Kazi nyingine zilikuwa tundu la chaja hapa, flashi yenye virusi pale. Okochi akiondoka, Olupot angerudi Kwapa, kwenye shamba ambalo kaka yake Odeke alikuwa amelima peke yake mpaka mipaka ikasahau kwamba kuna mtu wa pili. Mke wake Apolot alikuwa akimwambia kwa miaka kwamba nyumbani kazi ipo. Kazi ilikuwapo kweli. Yeye ndiye hakuwa akiijua.

Jumapili ofisi ikiwa imefungwa, alikaa na zile mashine akijaribu kuzirudishia apdeti. Kila moja ilikwenda kipande cha njia, ikasimama, ikaandika kwamba inarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Alijua kwa nini. Alikuwa akitafuta mzizi aliokwisha kuukata mwenyewe, tena kwa ustadi, bila kuacha kisiki. Jioni akamwambia Okochi ukweli wote: njia iliyobaki ni kuzifuta kabisa na kuzipanda upya, nazo zitaingia kwenye ule mwaka wa nyongeza. Okochi akasema ataleta jibu Jumatatu.

Leo ilikuwa Jumatatu.

"Huyo anakuja," Taaka alisema.

Okochi alikuja akitembea kwa miguu, jambo lisilo la kawaida, na nyuma yake alikuwapo Kevo. Olupot alipomwona Kevo alijua, lakini alipangusa benchi hata hivyo.

"Mulembe, mzee."

"Mulembe, Bwana Okochi. Keti. Huyu mgeni, usijali, kompyuta yake inakula chaji tu."

Okochi alimsalimia mgeni kwa mkono, akaketi, akatazama foleni ya malori.

"Kevo ameniletea mashine," alisema mwishowe.

"Mpya?"

"Si mpya sana. Lakini zinakubali Windows mpya."

"Za zamani prosesa zao ni wazee, hata mimi najua, haziwezi hiyo. Lakini nilisema nasafisha, zinapata mwaka."

"Mwaka gani, mzee? Unaisha Oktoba hii. Unisafishie leo, zife tena Oktoba, nikuite tena nikuulize nini?"

Olupot akageuza swali. "Na hizo za Kevo, nani atatunza?"

"Hazitunzwi, mzee wangu," Kevo alidakia. "Zinajitunza. Kuna msee yuko Nairobi anaziona zote kwa skrini yake. Ikipiga chafya tu, anajua. Hakuna kufungua, hakuna kuchomea."

"Na bando? Zitakula bando yote."

Okochi alishusha sauti. "Nimevuta intaneti ya faiba, mzee. Wiki jana. Hakuna tena mambo ya bando."

Olupot alivua miwani. Kazi yake yote ilikuwa imejengwa juu ya uhaba ule, na uhaba ule ulikuwa umeondolewa wiki iliyopita, wala hakuna aliyeona haja ya kumwambia.

"Wewe ndiye ulisema nihasi," alisema taratibu. "Mimi nakueleza viraka, wewe unasema, fundi, hasi."

"Nilisema. Sikatai."

"Basi kosa ni yetu wote."

"Ni letu sote," Okochi alikubali. "Lakini mimi ndiye mwenye malori. Madereva wamelala barabarani kwa ajili yangu, wenye mizigo wamehamia kwa jirani. Siwezi kuwaambia tulikosea pamoja na fundi." "Zile za zamani zichukue. Zote. Ni asante yangu."

"Nizipeleke wapi?"

"Kuku watataga ndani," Taaka alisema, na safari hii hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Olupot alimgeukia mgeni ghafla, kama aliyekumbuka kwamba hapa yupo mtu aliyepita miji mingi na huenda ana jibu.

"Wewe unatembea sana. Huko kwenye maofisi makubwa, zikizeeka hivi, wanazipeleka wapi?"

Mgeni akasema kwa kile Kiswahili chake safi, "Huwa zinaletwa huku."

Kevo peke yake ndiye aliyecheka, kicheko kifupi, akakikatiza. Okochi alisimama, akamshika Olupot bega, akaliachia. Wakaondoka wawili wakiongea kuhusu nyaya.

Taaka alikuja akasimama mlangoni. "Na yangu, mzee?"

"Yako bado inatoa fotokopi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka itakataa."

"Si uisafishe, kama ulivyomwambia Okochi?"

"Nitasafisha, itafika Oktoba. Yeye amesema kweli, Taaka. Watu wote hapa nimewahasia. Kila mtu atakuja na yake, mmoja mmoja, na mimi nitamwambia nini? Najua kukata tu. Kurudisha sijui. Hata angekuwapo anayejua, hivyo vyuma ni vizee."

Alimrudishia mgeni kompyuta yake na kumwonyesha namna ya kuchomeka chaja bila kuikaza. Halafu akapiga simu Kwapa. Apolot alikuwa shambani. Upepo ulisikika kwenye simu.

"Nakuja," Olupot alisema.

"Jumapili?"

"Leo."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa."

Apolot hakusema kwamba alishamwambia tangu zamani, na Olupot alitamani aseme, ili apate wa kubishana naye. "Mvua bado," Apolot alisema. "Hakuna cha kupanda."

"Najua."

Alifunga vitu vyake kwenye gunia la mahindi lililooshwa. Bisibisi, waya za risasi ya kuchomea, kopo la skrubu ambazo hakuna mashine ingezitaka tena. Mashine za Okochi hakwenda kuzichukua. Ufunguo alimpa Taaka ampelekee mwenye kibanda.

"Ngoja basi mwisho wa mwezi," Taaka alisema. "Watu hawaachi mahali hivi, kama wanaofukuzwa."

"Nikingoja nitakaa. Nikikaa watakuja."

"Waache waje, tuwaambie pamoja."

"Wewe waambie. Mimi nimechoka kuona sura."

Alimpungia boda aliyekuwa akipita, wakaelewana kwa maneno machache, akapanda na gunia lake mapajani. Hakumuaga mgeni, pengine alimsahau. Boda ilipenya kati ya malori mawili, ikatokea upande wa barabara ya Tororo, na shati lake likaonekana kidogo kabla ya lori la magogo kulifunika.

Taaka alibaki na ufunguo mkononi. "Na wewe unakwenda?" alimuuliza mgeni.

"Bado," mgeni alisema.

Haikupita muda, mwanamke alifika kwa miguu kutoka kijiji cha Masinya na kompyuta ya mezani kichwani, imefungwa kwa kitenge, akisaidiwa kuitua na dereva wa boda aliyekuwa jirani. Alikuwa ametoka mbali na jasho lilikuwa likimtiririka.

"Fundi Olupot yuko? Hii ya kanisa. Imeanza kukataa kufungua kurasa za intaneti."

"Ameenda kwao."

"Anarudi lini?"

Taaka aliingiza karatasi kwenye mashine ya fotokopi, akaitoa, akaiingiza tena. Mgeni akasogea kwenye benchi ili yule mwanamke apate mahali pa kuketi.