Ndimu Mbili kwenye Sahani ya Futari

Leo mchana binti anayeishi mlango wa pili alinigongea, akanipa pilau ndani ya kikopo cha plastiki chenye mfuniko. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu juma lililopita. "Nimepika nyingi, bibi, na niko peke yangu," alisema. Nikamwambia angoje nihamishe, nimrudishie chombo chake. "Usijisumbue, hicho ni cha kutupa." Akarudi kwake mbio. Nikabaki na kikopo mkononi, na wewe unanijua, kitu kidogo tu hunirudisha Ngamiani, mtaa wa utoto wangu.

Nilikuwa na umri wa miaka minane au tisa, katika ile miaka ya hamsini ambayo Ramadhani iliangukia masika. Masika ya Tanga ya siku zile, mwenzangu, hayakuwa na huruma. Godoro la sufi lilinuka ukungu, kuni zilitoa moshi badala ya moto, na kanga ilianikwa ndani siku tatu ikaanuliwa mbichi vilevile. Watu wazima walinuna. Bibi mzaa mama, niliyekaa naye, alikuwa na jina la hali hiyo. Mtu akiacha kuchana nywele, akila bila hamu, akilala mchana na dirisha limefungwa, Bibi alisema mvua imemwingia, na aliitibu kama watu wanavyotibu homa. Dirisha lifunguliwe kila mvua inapopumua. Uoge, ujipake mafuta, uvae nguo ya kutokea hata kama huendi kokote. Chumba kifukizwe udi. Na lililo kubwa, upewe kazi ambayo kuna mtu anaingoja. "Akijua anangojewa, ataamka," alisema.

Ndiyo maana alizipenda sahani. Kila alasiri ya Ramadhani mtaa mzima ulipelekeana futari, na sisi watoto wa kike ndio tuliokuwa miguu yake. Mihogo ya nazi huku, kaimati kule, na vitumbua ambavyo sikuzote vilipungua kimoja njiani. Sahani haikurudi tupu. Aliyekosa kabisa alitia kipande cha sukari guru au fungu la mchicha. Mtoto aliyeonekana akirudi na sahani tupu, wenzake walimfuata hadi mlangoni wakimwimbia, na wimbo wenyewe haukuwa wa heshima.

Mwaka huo chumba cha uani cha nyumba ya jirani kilipangwa na mwanamke kijana kutoka milimani, Mshambaa, Mlutheri, ameolewa juzi tu na fundi wa reli. Siku za mwanzo alitusalimu kwa haya. Kisha mumewe akapelekwa bara kutengeneza njia iliyokatwa na mvua, na haikujulikana atarudi lini. Dirisha likafungwa. Bibi alilitazama siku mbili, ya tatu akanipa sahani yake ya maua ya bluu, ile ya wageni.

"Mpelekee. Ikirudi na kitu, hata chumvi, nitajua hajambo. Ikirudi tupu, nitakwenda mwenyewe."

Alinifungulia akiwa amejitanda shuka, nywele timtimu. Alisema ahsante kwa sauti ndogo, akahamisha mihogo, akaiosha sahani, akanipa. Ilikuwa inang'aa, na haina kitu.

Sasa hebu niambie, ungefanya nini? Wenzangu walikuwa barazani wananingoja. Nikapita nyuma ya nyumba ya mwalimu wa chuo, aliyetufundisha Kurani, nikachuma ndimu mbili kwenye mti wake, mwezi mtukufu, na mimi najiita nimefunga. Bibi alizishika zile ndimu akatabasamu. "Haya, hajambo," akasema, akazikamulia kwenye mchuzi.

Kesho yake ndimu. Keshokutwa ndimu. Mwalimu wa chuo akaanza kulalamikia popo. Bibi alifurahi kwamba mgonjwa wake anaendelea vizuri, na kwa sababu hiyo hakwenda kumtazama. Mimi niliona ni jambo dogo, hadi siku ya tano, nilipopiga hodi nisiitikiwe. Nikausukuma mlango. Mihogo ya jana ilikuwa palepale mezani, na ya juzi kando yake imeota ukungu. Yule dada alikuwa kitandani ameukabili ukuta, na hakugeuka. Nilisimama pale na sahani ya moto mkononi, nikaelewa kwamba ndimu zangu ndizo zilizomzuia Bibi asije. Niliogopa sana.

Nilikimbia nyumbani, chakula na vyote. Nilimweleza Bibi kila kitu huku kamasi zikinitoka, hata habari za mwalimu wa chuo na popo wake. Nilingoja kofi. Bibi alijitanda kanga kichwani, akaichukua sahani, akaingia mvuani, nami nyuma yake.

Mlangoni alisema, "Onga mshi," salamu ya Kishambaa aliyojifunza kwa wauza mboga sokoni, na aliitamka vibaya kuliko mtu yeyote wa Tanga. Kisha kikaja kicheko kidogo kutoka kitandani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Idi ni keshokutwa, na vidole vyangu vimeshikwa na baridi hii. Nani atanikunia nazi?"

"Nazi sijui kukuna, mama. Kwetu hakuna."

"Utajulia kwangu. Nawa uso, nakungoja hapa."

Vidole vya Bibi vilikuwa vizima kabisa. Alikaa kizingitini, matone ya paa yakimwangukia begani, mpaka yule dada akala kidogo, akanawa, akachana nywele, akatoka.

Nazi zenyewe, acha tu. Alikaa upande upande juu ya mbuzi ya kukunia kama anayeogopa kuumwa. Alikuna mpaka kwenye kifuu, maganda meusi yote yakaingia, na tui likatoka na rangi ya maji ya mtaro. Wali wa Idi mwaka ule ulikuwa wa kijivu. Bibi aliwapakulia wageni bila kupepesa jicho, na aliyethubutu kuuliza aliambiwa ndio upishi wa milimani. Dada wa milimani mwenyewe alicheka mpaka akaegemea ukuta. Tangu hapo Bibi alimgongea dirisha kila alasiri, kwamba nazi inamngoja. Mumewe aliporudi, masika yakiishia, alimkuta uani kwetu anakuna nazi huku anatusimulia habari za kwao, na tui lake jeupe kama la mtu yeyote.

Krismasi ya mwaka ule sahani ya maua ya bluu ilikuja kwetu. Ilikuwa na ndizi zilizopikwa na maharage, plamu nyekundu alizotumiwa na mama yake kutoka Lushoto, na juu yake ndimu mbili. Bibi alinitazama tu mpaka nikainamisha kichwa. Ndimu zile, nilikuja kusikia, alizipata kwa kumwomba mwalimu wa chuo kwa adabu, jambo ambalo mimi halikunijia kabisa.

Bibi ametangulia zamani, na sahani ilivunjika nikiwa mimi ndiye naiosha. Siku hizi chakula huja ndani ya chombo kisichotakiwa kurudi, na mtoto hana sababu ya kugonga tena mlango wa mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakibeba kikopo hadi kwenye ndoo ya taka. Hapo ndipo nikakumbuka alivyosema yuko peke yake, nikachungulia nje. Dirisha la yule binti lilikuwa limefungwa, na nikijiambia kweli, limefungwa tangu mvua ianze.

Kikopo nimekiosha. Nimetia ndimu mbili, za kununua safari hii. Jikoni nina nazi tatu, na vidole vyangu ni vizima kabisa. Nakwenda kumwambia vinaniuma.