Taa Tatu Mbele ya Jicho la Yaya

Kwetu mjini Kasongo ndugu aliyekutangulia kuzaliwa unamwita yaya. Yaya wangu alipoteza masikio katika msimu wa mvua. Homa ya malaria ilimpanda kichwani, akalazwa siku tisa akiwekewa serumu, maji ya dawa ya mshipani, na siku aliyofumbua macho akatuambia tuache kunong'ona. Hatukuwa tunanong'ona. Mama alikuwa ameketi pembeni ya kitanda akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kawaida. Mpaka leo hatujui kama ni homa yenyewe iliyofanya vile au ni dawa iliyomwokoa, na sisi wenyewe tuliacha kuuliza, kwa sababu alikuwa hai.

Kabla ya hapo alikuwa dereva wa pikipiki, wa barabara ya Kabambare. Alibeba watu na mizigo, chumvi, mabati, wagonjwa, mara moja hata jeneza. Wateja walimpenda kwa sababu alikuwa na maneno. Njia ni mbaya na safari ni ndefu, na mutu aliyekaa nyuma yake alifika amechoka mgongo lakini amecheka.

Alipopona alirudi barabarani bila kuuliza mutu. Alinunua vioo viwili vikubwa vya pembeni, akavifunga, akasema macho yatafanya kazi ya masikio. Wiki ya tatu alimbeba mama mmoja muuza vitenge. Njiani mzigo ulianza kuteleza. Yule mama aliita, hakusikiwa. Aliita tena, kisha akampiga mgongoni kwa ngumi zote mbili. Yaya alishtuka, akageuza kichwa, na pikipiki ikaanguka ubavu ndani ya matope. Mama yule aliumia kifundo cha mkono. Hakulalamika sana, lakini kiongozi wa madereva alikuja nyumbani na kuandika maneno kwenye simu yake, akamwonyesha: mizigo unaweza kubeba, watu hapana.

Yaya alisoma, akarudisha simu, akasema, "Ni kweli."

Kuanzia siku hiyo hakubeba hata mizigo. Alikaa chini ya ukuta wa jikoni akinoa majembe ambayo yalikuwa tayari makali.

Mimi ni fundi wa simu. Nina meza yangu na kabati la kioo karibu na soko. Mke wa yaya, wifi yangu, alinijia asubuhi moja, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Bwana iko nanyamaza," alisema. "Mutu anaweza kukosa masikio na bado akasema. Yeye ameacha kusema."

Alipoondoka niliendelea na simu niliyokuwa nimeifungua, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nilikuwa nimeliona kila siku bila kuliangalia. Taa ya simu iliyokuwa juu ya meza ilijitokeza kwenye kioo cha kabati, na kwa kuwa kupitia kioo hicho niliona pia barabara, namba za saa ya simu zilikuwa kama zimeandikwa hewani, katikati ya watu waliokuwa wanapita. Mwanamke mwenye beseni la mihogo alipita ndani ya saa nne na dakika kumi.

Nilimwendea mwalimu wangu wa zamani wa fizikia, mzee ambaye sasa analima karanga tu. Alinisikiliza akiwa ameshika jembe.

"Hiyo iko zamani," alisema. "Marubani wa ndege za vita wanasoma mambo yao vile. Hawainamishi kichwa kutazama mishale ya vipimo. Maandiko yanakuja mbele yao, ndani ya kioo, na anga wanaiona palepale. Siku hizi wameingiza mu kaske zao." Kaske ni kofia ngumu ya kichwani, ile ile wanayovaa madereva wetu, wakiwa nayo. "Unataka kumwandikia yaya yako barua mu macho?"

"Nataka tu aambiwe kushoto, kulia, na simama."

Mwalimu aliweka jembe chini. "Basi ni taa tatu. Hiyo tunaweza."

Kaske ya kwanza tuliiharibu kabisa. Nilikata kipande cha kioo cha dirisha, nikakifunga kikiwa kimelala kidogo mbele ya jicho la kuume, na juu yake, kwenye kipaji cha kaske, nikaweka kikopo kitupu cha pomade ya kupaka ngozi chenye taa ndogo tatu nilizotoa kwenye simu na redio zilizokufa: kijani, nyekundu na ya manjano. Taa zilitazama chini, zikaangukia kioo, kioo kikazirudisha jichoni. Nilijivalisha mwenyewe. Kila taa ilionekana mara mbili, kama mutu na kivuli chake, na zote zilikuwa ukungu mtupu.

Wifi yangu aliitazama kwa muda mrefu. "Na akianguka?" aliuliza. "Kile kioo kitaenda wapi?"

Hilo hatukuwa tumelifikiria, mimi na mwalimu tunaojiita wataalamu. Niliona haya. Nikatupa kioo, nikakata pleksi, ile plastiki angavu isiyovunjika vipande vikali, kutoka mfuniko wa redio kubwa ya zamani. Ilikuwa na mikwaruzo. Niliisugua kwa dawa ya meno na kitambaa siku mbili mpaka ikawa kama maji.

Ukungu wa taa ulimhusu mwalimu. Alinieleza kwamba jicho linalotazama barabara ya mbali haliwezi wakati uleule kutazama kitu kilicho karibu na pua. Kimojawapo lazima kififie. Ili taa ionekane iko mbali, ipitie kwanza kwenye lensi, na umbali wa taa na lensi uwe sawasawa na ule ambapo lensi inakusanya jua kuwa nukta. Lensi tuliyohitaji, ndogo na yenye nguvu, hapa Kasongo nilijua iko wapi. Ilikuwa kwenye jicho langu. Ndiyo niliyotumia kuona njia za umeme ndani ya simu. Niliitoa kwenye kikombe chake cha kubana jichoni nikaigundisha kwenye kikopo cha pomade, na kwa wiki nyingi, mpaka nyingine ilipofika kutoka Kindu, nilitengeneza simu za watu nikiwa nimekunja uso kama bibi kizee.

Tulipowasha, taa iliondoka pale karibu na pua. Ilikwenda kukaa juu ya muembe wa jirani, ng'ambo ya barabara, ndogo na safi. Nilisogeza kichwa, nayo ikasogea nami. Mwalimu alivaa, akasema alifundisha somo hilo miaka mingi kwa chaki tu.

Bado palikuwa na jua. Saa sita mchana taa zilimezwa na mwangaza. Lakini kila kioo cha simu kina ngozi nyembamba ya kijivu ndani yake, na mimi nilikuwa na simu zilizopasuka sanduku zima. Nilibandua ngozi moja taratibu, nikaibandika upande wa nje wa pleksi. Barabara ikapata giza kidogo pale kwenye kipande kile tu, taa zikang'aa, na kile kivuli cha pili cha kila taa kikafifia karibu kwisha. Sikukitegemea hicho cha mwisho. Mwalimu ndiye aliyenieleza sababu, kwamba kivuli kinatoka upande wa nje wa pleksi na sasa kinapita kwenye ngozi mara mbili, kwenda na kurudi, kikichoka kila mara.

Kikwazo kimoja kilitutisha. Siku moja wifi yangu aliacha kaske juu ya benchi, imepinduka, kwenye jua. Alisikia harufu ya plastiki inayoungua. Lensi ilikuwa imekusanya jua na kutoboa kikopo kwa ndani. Ilibidi nibadilishe taa ya manjano. Yeye akashona kifuniko cha kitenge, akasema kaske ile haitaachwa tena kichwa wazi, kama mutoto.

Yaya hakuwa ameulizwa lolote. Aliona tunapita na vipande vyetu, akaendelea kunoa. Jumapili baada ya misa tulimpeleka kwenye uwanja wa shule. Nilimvalisha kaske. Kutoka kwenye kikopo waya ulishuka mgongoni mwake mpaka kwenye kisanduku chenye vibonyezo vitatu, ambacho abiria angeshika mkononi. Wifi yangu alipanda nyuma. Nilimwandikia yaya kwenye simu: kijani kushoto, manjano kulia, nyekundu simama.

Waliondoka polepole. Wifi alibonyeza, pikipiki ikakata kulia. Akabonyeza tena, ikakata kushoto. Kisha nadhani alishikwa na furaha, kwa sababu alianza kubonyeza ovyo, na yaya akawa anazunguka uwanja kama mbuzi aliyekatika kamba, mpaka nyekundu ikawaka na akasimama mbele yetu. Alivua kaske. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Iko juu ya barabara," alisema, kwa ile sauti kubwa ya mutu asiyejisikia. "Taa haiko mu kaske. Iko kule, juu ya barabara."

Kiongozi wa madereva alikuja siku mbili baadaye. Alipanda nyuma mwenyewe, wakaenda mpaka kwenye daraja na kurudi. Alishuka, akapangusa vumbi, akaniuliza mimi, "Na ikizimika?"

"Kibonyezo kikifa, abiria amguse bega. Bega la kushoto, kushoto. La kuume, kulia. Mikono miwili, simama. Mama wa vitenge hakuwa ameambiwa hivyo."

Alifikiri. "Kila abiria aelezwe kabla ya kupanda," alisema. "Mwenye kuogopa atafute mwingine. Na safari ya kwanza ya Kabambare, upande wewe."

Hilo lilikuwa la haki. Nilipanda.

Tulitoka asubuhi, barabara ikiwa imekauka juu tu. Kwa saa ya kwanza nilikuwa na kazi: shimo kushoto aliliona mwenyewe, lakini pikipiki za watu wa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, zilikuja nyuma kwa kasi, zimepakia mapipa na watu watatu watatu, zikipiga honi, nami nikabonyeza ili asogee. Alisogea kila mara. Baadaye msitu ulifunga, njia ikawa moja isiyo na matawi, na kidole changu kikapumzika.

Hapo yaya akaanza kusema. Miezi mingi hakuwa amesema zaidi ya maneno manne kwa siku. Alinieleza juu ya jeneza lile alilobeba zamani, namna wafiwa walivyobishana njia nzima kama marehemu alipenda haraka au polepole. Alinieleza alivyoota, alipolazwa, kwamba alikuwa anavuka mto Lualaba huko Nyangwe kwa mtumbwi, na mwenye kasia anafungua mdomo hatoi sauti. Kisha akasema, "Wewe hauwezi kunijibu. Tufanye hivi: kijani ni ndiyo."

Nilibonyeza kijani.

"Unasikia njaa?"

Kijani.

"Mimi vilevile. Mama alikuwa analia nikiwa hospitali?"

Nilingoja kidogo. Kijani.

Tulivuka kijito. Maji yalirukia magoti yetu. Halafu akauliza, bila kugeuka, "Nilipokaa kule jikoni miezi ile yote, mulichoka na mimi?"

Nilitaka kusema hapana. Tulikuwa hatujapatana taa ya hapana. Kidole kilikwenda chenyewe kwenye nyekundu, na yaya, dereva mwenye adabu, akasimamisha pikipiki katikati ya msitu, akaweka mguu chini, akageuka kunitazama.

"Kuna nini?"

Nilitikisa kichwa. Nikatikisa tena. Alinitazama mdomo, kwa maana alikuwa ameanza kujifunza kusoma midomo, nami nikasema polepole, "Hapana, yaya. Hatukuchoka."

Alielewa. Alikaa vile, pikipiki ikinguruma katikati ya miguu yetu, kisha akacheka, akacheka mpaka akalazimika kuzima injini. "Basi ungeniacha niendelee kuendesha," alisema.

Kabla ya kufika Kabambare mvua ilitukuta. Pleksi ilijaa matone na ukungu wa pumzi yake, na taa zikawa madoa matatu yasiyo na maana. Alizifunika kwa kifuniko cha kitenge, akaniambia nitumie mabega. Tuliingia mjini vile, mimi nikimgusa kama mutu anayebisha hodi, tumelowa wote. Tulikula wali na samaki kwenye kibanda karibu na ofisi za serikali. Mwenye kibanda aliuliza kile kitu cha kwenye kaske ni cha nini, na yaya alieleza kwa sauti ya kusikiwa na ofisi nzima.

Sasa anabeba watu. Si wote. Wapo wanaokiona kile kisanduku, wakamtazama, wakaenda kwa dereva mwingine, na yeye huwapungia mkono. Mvua bado inatushinda. Nimejaribu sabuni kwenye pleksi na inasaidia kwa robo saa. Mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu alimwonyesha kwenye simu picha ya kaske ya kiwandani, yenye maandiko, ramani na mshale, kioo chake kimechorwa mistari isiyoonekana kwa macho. Yaya aliniletea picha hiyo jioni kwenye simu yake, wifi akiwa anapika sombe, majani ya mihogo. Nilitazama ile picha mara nyingi. Ilikuwa nzuri kuliko yetu kwa kila namna, na nilihisi wivu kidogo, kisha nikaanza kuhesabu ni nini ndani yake ningeweza kukiiga.

Taa ya nne nilishaiweka. Ni ya bluu, na maana yake ni hapana.