Dume Chini ya Bati

Nilichukua mwavuli wa kanisani wa mama nikamfungulia sungura. Huo ulikuwa ujinga, nakubali. Yaliyofuata siyatubu.

Sungura mwenyewe alikuwa dume wetu, hapa kwetu Kinyinya. Majirani walimletea majike wao kwenye vikapu, na jike akizaa, mtoto mmoja anakuwa wetu. Banda lake lilikuwa limeezekwa nyasi mpaka mama alipoona aibu: siku ya umuganda mtaa mzima unatoka kufanya usafi, watu wanapita wakitazama, na yeye ana paa la nyasi kama vile hatuko Kigali. Akaezeka bati jipya linalong'aa. Kiangazi kikaingia.

Tangu hapo hakuna jike aliyeshika mimba. Majirani waliwalaumu majike, wawili wakaliwa bure. Jike wetu naye alipokosa, mama akasema dume amezeeka, Jumapili anaingia kwenye sufuria.

Baiolojia ndiyo somo pekee ambalo sisi wa madawati ya nyuma hatulali. Kwa hiyo nilimweleza mama mezani, mbele ya mjomba, kwamba korodani zimewekwa nje ya mwili ili zipate ubaridi, na kwamba chini ya bati lile hata mjomba asingepata mtoto. Mjomba akapaliwa na chai. Mama akaniamuru nikamalizie chakula nje.

Huko nje dume alikuwa anahema, masikio yamelegea. Ndipo nikaufungua mwavuli juu ya kizimba chake, chini ya bati. Joto halikupungua hata kidogo. Yeye akauvuta kwa meno na kuutafuna.

Basi nikapanda juu ya bati, kesho yake ikiwa umuganda, nikarudisha nyasi, tabaka nene, nikazimwagia maji. Mama akanikuta huko juu. Akasema nishuke niziondoe, watu watapita.

"Wapite," nikamwambia. "Dume hajazeeka, mama. Wewe ndiye uliyempika."

Nikaona heri nimalize nikiwa bado juu. Mbegu zilizoungua hazirudi mara moja, nikasema, anipe miezi miwili. Akishindwa nitamchinja mwenyewe.

Asubuhi jirani mmoja alisimama na jembe lake begani. "Sungura yenu iko inakaa kwa bibi yake kijijini?" Watu wakacheka. Nikamweleza habari za korodani, kwa sauti, mpaka akaondoka. Aliyefuata naye nikamweleza. Wa tatu hakuuliza.

Jumapili tulikula maharage.

Miezi miwili ikapita, nikampelekea jike wetu. Mwezi uliofuata akaanza kujinyonyoa manyoya kutandika kiota, na asubuhi moja manyoya yale yalikuwa yanatikisika. Mama aliinama akatazama muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akatoka na mwavuli wenye matundu, akanikabidhi.

"Dume abaki," alisema. "Na wewe Jumapili utanishikia mwavuli wake mpaka kanisani."