Matairi Niliyomchagulia Papa

Gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli ina harufu kali inayopanda puani mpaka machozi yanakulenga, na mimi naipenda kuliko marashi yoyote niliyowahi kuletewa. Nikimpita fundi wa barabarani, karai la maji mbele yake na mpira uliovimba mkononi, hupunguza mwendo nikavuta pumzi. Watoto wangu hunicheka, wanasema mama yao ana mambo ya ajabu. Wacha wacheke. Harufu ile kwangu ni kiangazi kimoja pale mtaani Hewa Bora, ambako kiangazi ni majira ya baridi: asubuhi za kuuma vidole, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na papa, baba yangu, akisukuma kinga yake iliyotoboka huku nikitembea ubavuni mwake na begi la shule mgongoni, nikiomba moyoni tusifike upesi.

Kinga ndiyo baiskeli kwetu Lubumbashi. Ya papa ilikuwa ya zile za milimani, VTT, nyekundu, aliyoinunua kuukuu kwa jirani aliyekuwa akihama. Ilikuwa na giya chungu nzima, zilizofanya kazi hazikuzidi mbili, na matairi yake yalikuwa yamelika hadi yanateleza kama sahani. Papa alikuwa mlinzi wa bohari moja upande wa Luano, na shule yangu ilikuwa njiani, kwa hiyo kila asubuhi alinipakia nyuma. Tatizo lilikuwa ile njia ya mkato nyuma ya nyumba, mahali ambapo watu walichoma matairi ya malori ili watoe vyuma vya kuuza. Moto ukizimika, nyaya nyembamba kama nywele zilibaki kwenye vumbi, na hazikuwa na kazi nyingine isipokuwa kutusubiri sisi. Tulisikia psss, papa akashuka, akaligusa tairi kwa kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto. Pampu ilikuwa ya kiwanja kizima, majirani wote waliitumia, haikuruhusiwa kutoka nje ya geti. Basi hatukuwa na la kufanya ila kutembea.

Na hapo ndipo alipoanza kunisimulia habari za mama. Mama yangu, Ngalula, alifariki kabla sijaota meno. Ndugu zake walikuwa wamepanda treni kurudi Kasai, enzi watu wa huko walipofukuzwa mjini kwetu, na cherehani zao na masufuria yao, hata shangazi wa kumwuliza sikuwa naye. Ndugu za papa, watu wa kaskazini ya mkoa wetu waliozaliwa na kukulia kwenye nyumba za reli, hawakuwahi kuifurahia ndoa ile, na walikuwa hodari wa kubadilisha mazungumzo. Nyumbani alikuwepo Mama Angele, aliyeolewa baadaye. Sitamsingizia: alikuwa mwema, alinisuka nywele bila kunivuta, na nyama alinipa sawa na wanawe. Lakini ndani ya nyumba yake jina la marehemu halikutajwa. Hakuna aliyelikataza, ilikuwa hivyo tu. Papa mwenyewe, ndani ya nyumba, alikuwa mtu wa ndiyo na hapana. Ila mpe tairi lililokufa na barabara ndefu, wote wawili mnaangalia mbele, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, basi ulimi wake ulilegea wenyewe.

“Mama yako alikuwaka anaimba mubaya,” aliniambia siku moja, “lakini alikuwaka anaimba tu.” Siku nyingine nikajua kwamba alitia pilipili hata kwenye chakula cha wagonjwa. Nikajua kwamba alitembea haraka, papa akimfuata nyuma kama mtu anayedaiwa, na kwamba masikio yangu haya makubwa ni yake. Nilivikusanya vitu hivyo kimoja kimoja. Darasani, mwalimu akiandika ubaoni, mimi nilikuwa nikiyashika masikio yangu. Wenzangu walilia wakichelewa shule kwa sababu mwalimu wa zamu alikuwa na fimbo. Mimi nilipigwa, nikaenda kukaa, na nilikuwa na furaha.

Jioni ilikuwa ni kuziba. Macho ya papa hayakuona vizuri vitu vya karibu, na miwani hakuwa nayo, kwa hiyo mimi ndiye niliyeinamia karai kutafuta mahali povu linapotoka. Alinifundisha kazi ile sawasawa, maana papa hakufanya kitu nusunusu. Kabla ya kurudisha mpira, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, kikinasa mahali, hapo kuna waya, uutoe, la sivyo kesho utaziba tena. Ukikuta matundu mawili yamepangana, usiilaumu njia, ni hewa kidogo: mpira umebanwa na ukingo wa chuma. Upepo ujaze mpaka kidole gumba kikatae kuzama. Na tairi la kununua usilitazame kwa nje kama bibi harusi, ligeuze, lipapase tumbo, uone nyuzi zake zimeshonana au zimeachana. Aliyajua yote hayo, lakini matairi mapya yalikuwa yanangoja mshahara, na mshahara ulikuwa unangoja siku yake.

Kiangazi kilipokuwa kinaelekea mwisho, mkubwa wa bohari alimwita papa akamwambia kwamba akichelewa tena asijisumbue kurudi. Nilimsikia akimweleza Mama Angele usiku uleule, kwa sauti ya chini, na Mama Angele aliendelea tu kukunja nguo. Kesho yake asubuhi tukatoboka tena. Nilidhani papa atatembea kimya. Badala yake, huku akikaza mwendo, akaanza habari ya siku niliyozaliwa: mvua ilivyonyesha, hospitali ilivyojaa, mama alivyoniweka mapajani. “Alikuangalia kwanza,” papa alisema, “akacheka. Kisha akaniambia kitu juu yako.” Tulikuwa tumefika. Wenzangu walikuwa wamekwishajipanga mistari, na papa alikuwa anahema, anaangalia upande wa Luano. “Ingia, mutoto. Siku ingine nitakuambia.” Akaondoka mbio, anaisukuma kinga. Kwa bahati yake, mkubwa mwenyewe alichelewa kufika siku hiyo.

Jumamosi tulikwenda sokoni. Papa alikuwa amekopa pesa za matairi kwa mwenzake wa kazini. Muuzaji, kijana mwenye maneno kama redio, alitutolea tairi lenye meno makubwa, jeusi linalong'aa, mtu angedhani ni la trekta. “Papa, hii haiogopi kitu! Hata jiwe itatafuna!” Papa alilishika, akalipima uzito, na nikaona limemwingia moyoni. Alipapasa tumbo lake, lakini vidole vyake vilikuwa vigumu kwa kazi, havikusikia vizuri. Akanipa mimi. “Wewe njo uko na macho. Angalia.”

Nikaangalia. Nyuzi za ndani zilikuwa zimeachana, na ubavu ulikunjika kama karatasi. Meno yale makubwa yalifaa matope, na kwenye njia yetu ngumu yangempa tu kazi ya kusukuma pedali, huku waya zikipenya katikati yake kila asubuhi. Kando yake lilining'inia jingine, la meno mafupi yaliyobanana, zito, limeshonwa vizuri, baya kwa sura. Nilijua papo hapo lipi ni lipi. Nilijua pia kwamba nikisema “hili la meno ni zuri,” tutatoboka kesho kutwa, tutatembea, na nitasikia mama alisema nini. Nilisimama pale na tairi mikononi. Nilikuwa nataka sana. Mpaka leo sijataka kitu kama nilivyotaka kile. Kisha akilini nikamwona Mama Angele akikunja nguo, na mkubwa wa bohari, na papa akihema getini, nikasema, “Papa, hili si zuri. Chukua lile.”

Matairi yale mawili tuliyonunua hayakutoboka. Papa aliweka na kipande cha mpira wa zamani kati ya tairi na mpira wa ndani, akajaza upepo, na tukaanza kupita juu ya zile nyaya kama hazipo. Tulifika shuleni kabla ya geti kufunguliwa. Mgongo wa papa ulikuwa mbele yangu, shati lake limejaa upepo, na alikuwa na furaha mpaka akapiga mluzi. Siku moja nilijitia ushujaa nikapaza sauti: papa, mama alisema nini? Upepo ukachukua nusu ya maneno. “Shika muzuri, mutoto,” akajibu, “mbele kuko mawe.” Nyumbani sikuweza. Baadaye nikafika umri ambao msichana haulizi babake mambo kama hayo, naye, nadhani, aliona nimesahau. Aliugua nikiwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na chumba chake cha hospitali hakikukosa watu hata siku moja, mpaka alipofariki.

Kazi yake aliishika mpaka mwisho, na kwa kazi ile nilisoma. Ningerudishwa pale sokoni leo, ningelichagua lile lile, kisha ningelia njia nzima, jambo ambalo siku ile sikulifanya. Sasa nina gari, sehemu ya njia imetiwa lami, na ninamfikisha binti yangu shuleni kabla hajamaliza kutazama simu yake. Ana masikio yangu. Zipo siku huiweka simu chini akaniuliza bibi yake alikuwa mtu wa namna gani, nami humwambia yote: pilipili, kuimba vibaya, mwendo wa haraka, ile mvua, na jinsi alivyoniangalia akacheka. Nikifika hapo hunyamaza. Yeye hungoja kidogo, akiona siendelei, huniambia, “Haya mama, pumzika, utamalizia kesho.”