Kichuguu cha Nyuma ya Choo

Mama yangu aliacha kula kabla hajaja kwangu. Si kwamba alikuwa mgonjwa wa kulala kitandani. Alikuwa anaamka, anafagia uwanja, anagombana na kuku wa jirani, lakini sahani ikiwekwa mbele yake anaigusagusa halafu anaisukuma. Kaka zangu walikaa kikao kijijini, wakaamua aje kwangu mjini, Msamala, kwa sababu mimi ndiye mwenye bima ya afya na ndiye binti. Kikao chenyewe sikuitwa. Nilipigiwa simu mama akiwa ameshapanda gari.

Nilimpeleka hospitali wiki hiyo hiyo. Daktari, kijana mpole, alimshika mkono juu ya kiwiko na vidole vyake vikakutana. Akaniambia damu ni kidogo, mwili umeishiwa protini, nimpe nyama, mayai, maziwa, maharage, dagaa. Nikamuuliza asipokula je. Akanitazama, akasema mwili wa mzee hauna akiba, akiendelea kupungua hivi masika hataimaliza.

Nikasema hilo dogo, mimi ni fundi cherehani, nina wateja, nyama sishindwi kununua. Kumbe sijui ninachokisema. Nyama, meno hana. Nikisaga, anasema nimemtafunia. Mayai yananuka. Maharage yanamjaza tumbo. Dagaa wana mchanga, hata niwaoshe mara saba. Maziwa ndiyo kabisa, alinijibu kwamba yeye si ndama. Niliwahi kusikia watu wakisema njaa mbaya, lakini njaa ya mtu aliyezungukwa na chakula ni mbaya zaidi, maana hujui umlaumu nani.

Nilimuuliza basi anataka nini. Akajibu bila hata kufikiri kwamba anataka kumbikumbi, mvua ikinyesha atakula. Ilikuwa Oktoba, jua linapasua kichwa, vumbi mpaka kwenye masufuria. Nikamwambia mama, mvua bado mwezi na zaidi, utakula nini mpaka hapo? Akasema atasubiri. Basi akawa anakunywa uji mwepesi, anasubiri mvua.

Sasa hapa lazima niseme ukweli wangu, hata kama unaniuma. Mwezi mmoja kabla hajaja, mchwa walikuwa wamenitia hasara. Walikula fremu ya mlango wa nyuma, wakapanda kwenye jora la kitambaa cha sare za kwaya nililoliegemeza ukutani. Kitambaa cha watu! Walitoka kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya choo. Nikamwita jamaa mmoja wa Nalasi ambaye kwao anapulizia mikorosho, na msimu ukiisha anakuja mjini kutafuta vibarua vya dawa. Akatoboa kichuguu kwa nondo, akamimina dawa mashimo yote. Alipomaliza, akinawa mikono, akaniambia, "Dada, kumbikumbi wa hapa mwaka huu msile."

Mimi nikacheka. Nikamuuliza kwani hapa ameona nani mwenye sura ya kula wadudu. Maana mimi nilishaacha tangu nilipokuja mjini kusoma ushonaji. Wenzangu bwenini walinikuta natafuna kumbikumbi wa kukaanga kutoka nyumbani, wakanicheka muhula mzima, na mimi nikajifunza kusema sili. Uongo ukisemwa miaka mingi unageuka kuwa tabia. Jamaa wa watu akasema yeye ametoa taarifa tu, akaenda zake. Ile taarifa ikaingia sikio hili ikatokea lile.

Mama alipokuja, siku ya tatu tu alikiona kile kichuguu. Nilimwona akifagia kukizunguka, nikadhani ni usafi wake. Kesho yake nikakuta ametia tawi bichi juu yake. Nikalitoa, nikalitupa jalalani. Akalirudisha, wala hakuniambia kitu. Na mimi mtoto wa kijijini kabisa, niliyekulia kwenye mambo hayo hayo, sikuelewa. Kwetu tawi juu ya kichuguu maana yake kina mwenyewe, mtu mwingine asikiguse. Vichuguu vilikuwa vinajulikana kama mashamba yanavyojulikana: hiki cha babu, kile cha shangazi, na mtu hali kumbikumbi wa kichuguu ambacho hamjui mwenyewe wake. Mama alikuwa amejipatia chake. Alikuwa anakitunza.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha, asubuhi jua likatoka. Nilikuwa barazani nashona nikasikia mama anacheka huko nyuma. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aje. Nikaacha cherehani, nikaenda huku natabasamu kama mjinga. Nikamkuta amekaa chini kwenye tope, beseni magotini, kumbikumbi wanatoka kwenye tundu moja, si wengi, na yeye anawaokota, anang'oa mabawa, wengine anawatia kwenye beseni, wengine mdomoni. Wabichi, kama tulivyokuwa tunakula sisi watoto. Aliponiona akaninyooshea mmoja.

Hapo ndipo maneno ya yule mtu wa dawa yaliponirudia yote, na sauti yake.

Sijui kama nilipiga kelele. Najua nilimpiga mama yangu mkono. Nilimpiga, kumbikumbi akaruka, nikalipiga teke beseni, likabingirika mpaka ukutani. Mama akabaki ameshika hewa. Mdomoni alikuwa bado anatafuna, polepole, akaacha.

"Unaninyima?" akasema. "Mimi?"

Nikamwambia ateme, ateme haraka. Nikamwambia ni sumu, kichuguu kiliwekwa dawa. Alikuwa ameshameza wengi, nani ajue wangapi. Akauliza dawa iliwekwa na nani. Nikasema na mimi. Akauliza lini. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, taratibu, mwezi huo mpaka huu.

"Kwa hiyo ulikuwa unaniona nafagia," akasema.

Nikakimbilia barabarani kutafuta usafiri.

Tulienda zahanati na bodaboda, mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, naona mbavu zake zilivyo. Nesi akauliza ni dawa gani. Nikampigia yule jamaa, simu haipatikani. Nilipompata baadaye alisema alichanganya mbili, moja ilikuwa kwenye chupa ya maji, jina lake halikumbuki. Nesi akapima presha, akatazama macho, akasema nikae naye karibu, akitapika au akitetemeka nimrudishe. Tukarudi nyumbani. Nikaketi nikimtazama mama siku mbili nzima kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Hakutapika. Hakuumwa hata tumbo. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na mama akaniuliza namshukuru kwa lipi.

Maana tangu siku hiyo ndipo alipoacha kula kweli. Hata uji sasa anaunusa. Akikuta chumvi imezidi anauliza nimetia nini. Nikimsogezea maji anayamwaga, anakwenda bombani kujichotea mwenyewe, ndoo robo. Si kwamba ananichukia. Hilo ningeliweza. Anaongea na mimi vizuri, ananiombea kwenye rozari yake, namsikia. Ila chakula kikitoka mkononi mwangu, macho yake yanabadilika. Kaka zangu niliwaambia. Wakasema nimvumilie, mzee huyo. Hawakusema watakuja.

Nikaona niende sokoni. Kumbikumbi walikuwa wamejaa, wa kukaanga, wanang'aa kwa mafuta yao wenyewe. Nikanunua kisado kizima, nikawapasha, nikatia chumvi kidogo, nikampelekea na ugali wa moto. Akavuta sahani karibu. Akaokota mmoja, akamgeuza kwenye mwanga.

"Hawa wametoka kichuguu cha nani?"

Nikasema wametoka sokoni.

"Soko halina kichuguu."

Nikamwambia mama, nimewanunua kwa mama wa watu, anauza kila siku, watu wanakula. Akasema hao watu hawajui. Halafu akanisogezea sahani, akaniambia nianze mimi.

Nikala. Tangu bwenini sijatia kitu hicho mdomoni, na nilipotafuna nikasikia utamu ule ule, mafuta na chumvi, nikataka kulia kwa aibu. Nikala wengine, na wengine, huku yeye anaangalia koo langu. Nikamwambia, umeona? Hawana sumu. Akachukua sahani nyingine akaifunika ile.

"Sumu za siku hizi hazina haraka," akasema. "Tutaona kesho."

Kesho yake aliniuliza nimeamkaje. Nikasema salama. Akasema tuone na kesho. Kesho kutwa vilevile. Basi huu ni mwezi wa pili, kila siku napasha kumbikumbi, kila siku nakula mbele yake, yeye anachovya tonge mbili za ugali kwenye chumvi anatosheka. Mimi nimenenepa, sketi zote zinanibana kiunoni. Za mama nimezipunguza mara mbili, na jana ameniletea tena ile ya kanisani, akaiweka kwenye cherehani, akasema inamvuka akitembea.