Kitabu cha Pili cha Mama

Baba alinipa hadi Jumamosi niihame stoo. Viazi vilikuwa vinachimbwa, na stoo yetu pale Gatitu ilikuwa ya viazi, si ya "hiyo masanduku yako." Masanduku yenyewe yalikuwa kompyuta mbili kuukuu nilizorudi nazo kutoka chuoni, miaka ya tisini ikielekea kwisha. Kazi sikuwa nayo. Kiburi nilikuwa nacho tele.

Nilikuwa nimeziunganisha kwa waya, na ile kubwa nikaiwekea DNS, programu ya kutunza majina ya kompyuta na nambari zake. Lakini kila nikiingia kwenye kubwa kupitia ndogo, kubwa ilinyamaza dakika nzima kabla ya kunifungulia. Baba alisimama mlangoni akitazama saa yake.

"Imekufa," akasema.

"Haijakufa, baba! Si ungoje!" Nilimjibu vibaya, na mpaka leo naona aibu.

Mama alikuwa karani wa maziwa huko Mweiga. Alipotoka kazini akaniuliza, "Kwani inangoja nini?"

Nikamweleza: kubwa inabishiwa hodi na ile ndogo, ambayo nambari yake ndefu inaishia na mbili; inataka kujua mwenye nambari hiyo ni nani, na haipati jibu.

"Si uko na rejista?"

"Niko nayo. Ukitaja jina, inakupa nambari."

"Na mtu akitaja nambari? Mimi niko na vitabu mbili, moja ya majina, moja ya nambari za mikebe. Nikianza kusoma majina yote nikitafuta mwenye mkebe, maziwa itaganda."

"Ya pili pia niliandika, mama. Inakataa tu."

Akavuta kiti. Kidole kimoja kwenye kitabu changu cha maelezo, kingine kwenye kioo cha kompyuta, mstari kwa mstari.

"Hapa nambari zinaanzia nyuma. Zako zinaanzia mbele."

"Hao walikosea kuchapa. Nikasahihisha."

"Ati ulisahihisha kitabu? Wewe!" Akacheka hadi akashika mbavu.

Nikazigeuza nambari, nikawasha programu upya. Kubwa ikanifungulia papo hapo. Nilipiga kelele kama mwendawazimu, nikamkumbatia mama na koti lake lenye harufu ya maziwa. Jinsi nilivyompenda mwanamke huyo!

Jumamosi baba akaingia na gunia la kwanza begani.

"Fanya nione."

Nikafanya. Akatazama saa.

"Tena."

Mara ya tatu hakutazama saa, alinitazama mimi. Kisha akageuka na gunia lake, akaenda kulitua chumbani kwao, kando ya kitanda. Msimu huo mzima wazazi wangu walilala na viazi.