Fomu Isiyouliza Sababu

Nilikubali kuwahesabu vijana wa mtaa wetu kwa ajili ya binti yangu, na sitajifanya kwamba nilikuwa na nia nyingine iliyo bora zaidi. Alikuwa amehitimu ufundi wa mashine za baridi, kuanzia friji za nyumbani hadi makontena ya nyama na samaki, na kwa miaka miwili akawa anatengeneza friji za majirani kwa malipo ya dua na kipande cha mkate wa sinia. Shirika moja likatangaza kwamba lingejenga karakana ya kufundishia vijana kisiwani kwetu, na kwamba lingehitaji mwalimu wa fani hiyohiyo. Sharti lilikuwa wadi yetu ionyeshe kuwa ina vijana wa kutosha. Wakati huo kampuni moja ya Doha iliyotaka kumwajiri ilikuwa imempa hadi mwisho wa mwezi aseme kama anakwenda.

"Karakana ikija, mama, siendi," aliniambia. "Isipokuja, usinishike nguo."

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya Tononoka. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimechora ubaoni ule mchoro wa umri wa watu, mpana chini na mwembamba juu, na wanafunzi wangu wakaukariri bila kujua kwamba wao wenyewe ndio tumbo lake litakalobonyea watakapohama. Nilipewa fomu zenye safu tatu: jina, umri, yupo au hayupo. Nikaanza na nyumba inayotazamana na yetu, kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, anakoishi bibi mmoja aliyenijua tangu nikiwa mchanga.

"Una vijana wangapi humu ndani, bibi?"

"Watatu."

"Wapo?"

"Wapo."

"Mbona siwaoni?"

"Wewe umetumwa kuhesabu au kuchungulia?"

Baada ya kahawa ilibainika kwamba mmoja yuko Muscat, mmoja Nairobi, na kitinda mimba yuko Doha. Nikamuuliza huyo wa mwisho aliondoka lini.

"Hata hajakaa sana huko."

"Lini, bibi?"

"Kabla wewe hujaanza kuvaa miwani."

"Basi huyo hakai hapa."

"Kitanda chake ki hapa. Kanzu zake zi hapa, nazipiga pasi kila Ijumaa. Wewe ushaona mtu asiyekaa nyumba akapigiwa pasi?"

Nilicheka, nikawaandika wote watatu kuwa wapo. Katika nyumba ya pili nikacheka kidogo. Kufikia ya sita sikuwa nikicheka tena. Kila mama alinitajia watoto wake wote kana kwamba wametoka kununua mahamri, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akidanganya. Kwetu mtoto hafutwi katika nyumba kwa sababu ya safari. Hutengewa kitoweo chake sikukuu, akatajwa kwa wageni, na chumba chake hakipangishwi hata kama paa linavuja na fedha za kulitengeneza hazipo. Nyumba zilizokubali kupangisha vyumba zilikuwa zimewapa watalii wa siku mbili tatu, wanaoburuta masanduku juu ya mawe asubuhi na kuuliza njia ya kwenda Ngome, ile ya kale ya baharini.

Nilirudi nyumbani baada ya alasiri, nikachukua kalamu nyekundu. Nikawapiga mstari wote wasiokuwapo, mmoja baada ya mwingine. Binti yangu alisimama nyuma yangu akitazama.

"Mama, ukiwafuta hao wote nitabaki mimi na fundi cherehani wa pale kona."

"Nitaandika kilichopo."

"Na mimi utaniandika nini mwezi ujao?"

Niliendelea kupiga mistari. Nilikuwa nimejaa uadilifu wangu. Nilidhani ukweli ukipelekwa kwa watu wazima wenye elimu utawafanya waone aibu, kisha aibu itawafanya watende. Hili ndilo linalonikera mpaka leo, kuliko hata waliyoyatenda wao.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi ulio karibu na ufukwe wa Mama Ngina. Afisa wa shirika, kijana nadhifu mwenye adabu nyingi, alieleza kwa dakika arobaini kwamba vijana ndio injini ya uchumi wa eneo lolote. Kisha akafungua fomu zangu, mistari yake myekundu ikaonekana na majirani wote. Kwa masikitiko, alisema, injini hapa haipo. Karakana ingepelekwa kwingine. Sisi tungejengewa bustani yenye viti vya kupumzikia wazee.

Nikasimama. "Hawapo kwa sababu kazi haipo."

"Naelewa, mwalimu. Lakini hatuwezi kuleta mafunzo mahali pasipo na wa kufunzwa."

"Kwa hiyo mnasubiri warudi kwanza, wakae bure, ndipo mje?"

"Hata hivyo wanatuma fedha nyumbani. Mchango wao ni mkubwa."

Watu wakaitikia kwa vichwa, na hasira iliyonipanda siku ile haijashuka. Nilimwambia kwamba fedha zinazotumwa hununua dawa za presha na vigae vya sebuleni. Haziposi, hazipangi chumba cha kwanza, hazinunui godoro la kwanza wala jiko la kwanza. Muuza magodoro wa mtaani kwetu amefunga duka kwa sababu mzee hanunui godoro. Analo tangu harusi yake. Seremala wa vitanda amekuwa akichonga vinyago vya twiga, mnyama ambaye yeye mwenyewe hajapata kumwona. Darasa la chini katika chuo cha Kurani cha watoto limeunganishwa na la juu yake, kwa kuwa wazazi ambao wangezaa watoto hao wanaishi katika mabweni ya Doha, wanaume kwao na wanawake kwao. Afisa aliandika kitu katika daftari lake, akanishukuru kwa maoni yangu.

Binti yangu aliondoka siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi. Nilimsaidia kufunga sanduku. Alipakia mita yake ya kupimia gesi akiwa ameifunga kwenye leso yangu, na sikumshika nguo.

Bustani imejengwa. Viti vyake ni vya zege, na jua likipanda hakuna anayeweza kuvikalia.

Mwezi uliopita msichana mwenye tableti alibisha hodi. Alikuwa akihesabu watu kwa ajili ya mradi mwingine. Bibi wa jirani alikuwa kwangu, akipeta mchele. Msichana aliuliza kama nina kijana nyumbani. Nikamtaja binti yangu na umri wake.

"Yupo au hayupo?"

Bibi aliacha kupeta. "Haya, mwalimu," akasema polepole. "Kalamu yako nyekundu iko wapi leo?"

Gauni la binti yangu lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Nilikuwa nimelipiga pasi.

"Hayupo," nikasema. "Na andika sababu."

"Hakuna mahali pa sababu, mama. Tableti haitakubali."

"Una karatasi?"

Akatoa daftari dogo mkobani. Nikaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwamba katika nyumba hii kulikuwa na fundi wa mashine za baridi aliyetaka kubaki, na kwamba alikuwapo siku wenzenu waliposema hapa hakuna watu. Nikaweka sahihi. Bibi akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo kalamu," akasema. "Wangu ni watatu."